Chupa ya Usiku Haimlazi Mtoto

Kuna kauli ambayo mzazi wa mtoto wa mwaka mmoja hataikosa, awe Nyamigogo, Ngara mjini au Biharamulo, huku kwetu mkoani Kagera: mtoto akiamka usiku analia, ana njaa, mpe chupa ya maziwa au uji, atalala. Naipinga kauli hiyo. Naipinga kwa heshima, kwa sababu wanaoitoa ni mama wakwe, mashangazi na majirani waliolea watoto wengi, tena huitoa kwa upendo.

Tuanze kwa kuwapa haki yao. Ni kweli kwamba chupa ikiingia mdomoni, mara nyingi kilio hukoma papo hapo. Ni kweli pia kwamba mama anayepaswa kuwahi shambani alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili wanamolala watu sita, hana nafasi ya kumbembeleza mtoto saa nzima. Na ni kweli kwamba mtoto aliyekula kidogo mchana anaweza kuamka na njaa halisi. Hayo yote nayakubali. Nisichokubali ni hitimisho linalotolewa hapo, kwa kuwa kunyamaza si kulala, na kunyonya si ushahidi wa njaa. Nina sababu nne.

Kwanza, mtoto aliyeshiba naye huamka. Mwaka 2015 watafiti Amy Brown na Victoria Harries wa Chuo Kikuu cha Swansea walichapisha matokeo ya utafiti uliohusu akina mama 715 wenye watoto wa miezi 6 hadi 12. Zaidi ya robo tatu ya watoto hao walikuwa bado wanaamka angalau mara moja usiku. Waliokula zaidi mchana walinyonya kidogo usiku, lakini hawakupungua kuamka. Mtu anaweza kusema kwamba hao ni watoto wa Uingereza, si wa kwetu. Hilo ndilo linaloipa hoja nguvu: hata pale ambapo chakula si cha shida, watoto waliendelea kuamka. Basi njaa pekee haiwezi kuwa maelezo.

Pili, uji wa usiku ulikwisha kupimwa. Mwaka 1989 daktari Michael Macknin na wenzake huko Cleveland, Marekani, waliwafuatilia watoto wachanga 106. Baadhi walianza mapema kupewa nafaka ndani ya chupa kabla ya kulala, wengine walicheleweshwa. Usingizi wao haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Ingawa watoto hao walikuwa wadogo kuliko wa mwaka mmoja, hoja haidhoofiki: kama nafaka haikuwasaidia wenye tumbo dogo, wanaohitaji kula mara kwa mara, tuna sababu gani ya kutarajia iwasaidie wakubwa wao?

Tatu, kuamka ni sehemu ya usingizi wenyewe. Usingizi wa binadamu huenda kwa mizunguko, na kati ya mzunguko na mzunguko kila mtu huzinduka kidogo. Mwaka 1979 Thomas Anders alionyesha, kwa kuwarekodi watoto kwa video wakiwa wamelala nyumbani, kwamba hata wale ambao wazazi husema “hulala usiku kucha” huzinduka, ila hurudi usingizini bila kumwita mtu. Tofauti, basi, haipo katika kuamka. Ipo katika kujua njia ya kurudi. Mtoto aliyesinzia na chuchu ya mpira mdomoni, akazinduka bila hiyo, anashtuka kama mtu mzima aliyelala kitandani akajikuta uwanjani. Halilii tumbo, analilia hali aliyokuwa nayo alipofumba macho. Tukimpa chupa tena, tunamfundisha kuihitaji tena atakapozinduka saa mbili baadaye. Wahenga walikwisha kusema: mazoea yana taabu.

Nne, chupa ina gharama. Usiku mate hupungua, kwa hiyo maziwa au uji wenye sukari ukibaki mdomoni hulisha vijidudu vinavyooza meno, na meno ya mbele ya juu ndiyo hutangulia kuharibika. Chupa na chuchu zake ni ngumu kusafisha; maziwa yaliyoandaliwa jioni na kuachwa vuguvugu hadi usiku wa manane huzalisha bakteria, na nani atawasha kuni saa nane za usiku ili achemshe maji? Zaidi ya hayo, uji wa chupa lazima uwe mwepesi ili upite kwenye chuchu, hata ikitobolewa zaidi. Unajaza tumbo maji, si lishe. Maziwa ya ng’ombe nayo yana madini ya chuma kidogo sana, na mtoto anayeyanywa kwa wingi hukosa hamu ya ndizi na maharage asubuhi, akaelekea kwenye upungufu wa damu. Hili si dogo katika mkoa wetu wenye malaria nyingi, ambayo nayo hupunguza damu. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 uliwakuta takriban asilimia 42 ya watoto wa Kagera walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 34. Sisemi chupa ndiyo chanzo. Nasema mkoa wenye hali hiyo hauna nafasi ya kupoteza hata mlo mmoja wa mchana.

Msomaji makini atauliza: je, ziwa la mama? Hapo tusichanganye mambo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe hadi miaka miwili au zaidi, na usiku haujakatazwa. Ziwa halihitaji kuni wala kuoshwa mabaki. Kinachopingwa hapa ni chupa, na si mimi wa kwanza kuitilia shaka: kanuni ya kimataifa ya 1981, na kanuni za Tanzania za 1994 zilizoifuata, ziliweka mipaka katika kutangaza maziwa mbadala pamoja na chupa na chuchu zake.

Mzazi afanye nini, basi? Nashauri mambo manne.

1. Kumshibisha mchana. Mtoto wa mwaka mmoja anahitaji milo mitatu au minne na vitafunwa mara moja au mbili. Ndizi zilizopondwa na maharage, uji mzito wenye karanga zilizosagwa laini, dagaa waliosagwa, yai, parachichi: vyote vinapatikana kwetu. Maziwa yawepo, lakini kwa kikombe.

2. Kuutenga mlo na usingizi. Ale jioni mapema, aogeshwe, asafishwe meno, kisha awekwe ndani ya chandarua akiwa ana usingizi lakini macho bado wazi.

3. Kupunguza polepole. Kila baada ya usiku mmoja au miwili, kiasi kilichomo ndani ya chupa kipungue kwa upana wa kidole, hadi kiishe. Akiona kiu, apewe maji salama kwa kikombe.

4. Kumtuliza bila kumlisha. Kumpigapiga mgongoni taratibu na kumwimbia kwa sauti ya chini kunatosha. Baba au bibi akiifanya kazi hiyo, huwa rahisi zaidi, na mama hupumzika.

Usiku wa kwanza atalia. Nisimfiche mzazi jambo hilo. Lakini analia akiwa na mtu pembeni yake, na hilo ni tofauti na kutelekezwa.

Kuna wakati wa kusitisha yote haya. Mtoto mwenye homa, anayeharisha, anayeshika sikio, au ambaye mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala au kushuka, apelekwe zahanati kwanza. Na mtoto ambaye kweli hakula mchana alishwe, kwa kijiko na kikombe. Hata hapo, tiba ya njaa ni chakula cha kutosha kesho yake.

Wanaotetea chupa wanataka mtoto alale na mama apumzike. Nami nataka hivyo hivyo. Tunatofautiana juu ya njia tu, na ushahidi nilioutaja unaelekea upande mmoja: chupa hununua saa mbili za kimya kwa bei ya meno, damu na hamu ya kula. Mtoto wa mwaka mmoja anaweza kujifunza kurudi usingizini mwenyewe, nasi wazazi tunaweza kumfundisha.