Omo Yaelekea Wapi, Chombo Chaenda Wapi?

Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, mashua bado huundwa kwa msumeno na tezo, na mtoto wa hapo huijua omo na tezi kabla ya kuijua alifu. Mtoto huyo akienda kusomea ubaharia wa kisasa huambiwa kwamba lugha yake haina maneno ya vifaa atakavyovikuta. Mimi sikubali.

Tuchukue rada. Ikiwa peke yake, rada hujua mambo mawili tu: kitu kiko umbali gani, na kiko upande gani wa omo. Haijui kaskazini iliko. Ili picha yake ilale sawasawa juu ya ramani, sharti iunganishwe na dira na vipimo vingine vya chombo. Kanuni maarufu ya mawasiliano hayo, NMEA 0183, ilitoka Marekani, na waliyoiandika walikopa istilahi kwetu sisi wanaisimu: ujumbe mmoja huitwa sentensi, kifaa kitoacho habari ni msemaji, kipokeacho ni msikilizaji. Sentensi zenyewe aghalabu huanza kwa alama ya dola. Hilo sina haja ya kulifafanua.

Kosa hutokea hapa. Fundi asiye na dira ya elektroniki huipa rada habari za GPS, akidhani ni mamoja. Si mamoja hata kidogo. GPS husema chombo chaenda wapi. Dira husema omo yaelekea wapi. Mkondo ukisukuma chombo ubavuni, mambo hayo hupishana, pengine kwa nyuzi ishirini, na picha yote ya rada hupindishwa kwa kiasi hicho hicho. Kisiwa huchorwa pasipo kisiwa. Chombo kikisimama, GPS hubabaika na picha huzungukazunguka.

Kwa Kiingereza mwanafunzi hukariri maneno mawili yaliyo kama Kurwa na Doto. Lakini mwulize nahodha mzee aliyekata mkondo maji yakitoka: atakwambia alielekeza omo kwingine ili afike alikokusudia. Somo lote limo katika jibu hilo.

Haya si mambo ya mbali. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na meli ziendazo huko hupita katika maji ya wavuvi, ambao mashua zao ni za mbao. Na mbao huakisi mawimbi ya rada kwa unyonge. Kijana wa Matondoni akikaa mbele ya kioo cha rada, doa hafifu aonalo laweza kuwa mashua ya ami yake. Asikosee mahali ilipo.

Nawapendekezea walimu wa Kiswahili na wa vyuo vya ubaharia maneno haya: "mwelekeo wa omo" na "mwendo wa chombo". Mwenye bora zaidi, hasa akiwa fundi au nahodha wa Matondoni, na ayalete. Yangu nitayaondoa siku hiyo hiyo.