Saa 48 za Abiria

Kampuni nyingi kubwa za meli za kitalii humruhusu abiria aliyelipia mapema matembezi ya nchi kavu aghairi hadi saa 48 kabla ya meli kutia nanga, na fedha yake hurudi yote. Viator na GetYourGuide, wanaouza mitandaoni safari za siku moja za Zanzibar na Mikumi, ni wakarimu zaidi: kwa safari zao nyingi mteja anaweza kughairi hadi saa 24 kabla, bila kutoa sababu. Masharti haya husifiwa kuwa ya kiungwana. Mimi nayaona ya kiungwana kwa upande mmoja tu, na wiki hii sina subira ya kulisema kwa upole. Fedha inarudi kamili kwa abiria, kampuni haijapoteza kitu, wakala wa mjini naye ameandika barua pepe ya pole. Lakini hasara haikuyeyuka. Imeshuka ngazi hadi kwa mtu wa mwisho, ambaye hakuulizwa, hakusaini popote, na kwa kawaida amekwisha kutumia fedha yake mwenyewe kwa ajili ya mgeni asiyekuja.

Wasomaji wa safu hii wataniuliza, kama kawaida yao, Mgeta, huku milimani kwetu Morogoro, na meli wapi na wapi. Bahari tunaiona kwenye kalenda. Ni kweli abiria wa meli hawajaanza kupanda Nyandira kwa makundi. Wanaofika huku ni wapenda milima wachache wachache, wanaotaka kuona maporomoko ya Hululu, kulala kijijini Bunduki au kupanda hadi uwanda wa Lukwangule. Ila tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 14, 2024, Morogoro imekuwa chini ya saa mbili kutoka Dar es Salaam, na mawakala wameshaanza kuipima milima hii kwa saa za meli. Kabla ya treni tulikuwa mbali mno hata kughairiwa. Sasa masharti ya bandarini yanapanda nayo, yanashuka Morogoro mjini, yanapita Sangasanga, yanakuja hadi jikoni kwa mtu. Na nisiposema neno juu ya mbuzi nitaulizwa, kwa hiyo niwataje upesi: mbuzi wa maziwa wa Norwei walioletwa Mgeta miaka ya 1980 wangali hapa. Hao ndio wageni pekee kutoka ng'ambo ambao hawajawahi kughairi.

Tuangalie kughairi kunagharimu nini huku. Mgeni wa kulala siku mbili Bunduki hahudumiwi kwa vitu vilivyomo kabatini. Mchele unanunuliwa, nyama inaagizwa, mkaa unapandishwa, na magodoro yanaazimwa kwa jirani ambaye naye anategemea chochote. Mwongozaji anaacha kunyunyizia dawa viazi vyake, na Mgeta ikipata ukungu siku tatu mfululizo kiazi kisichopigwa dawa hakimsubiri mtu. Kijana wa bodaboda anajaza mafuta na kukataa abiria wengine wa asubuhi hiyo. Ukijumlisha si fedha nyingi kwa kipimo cha abiria wa meli. Huenda ni chini ya bei ya chupa moja ya mvinyo mezani kwake. Kwa anayeilipa, ni faida ya mwezi. Sasa hesabu saa. Saa 48 kabla, mchele umeshanunuliwa. Saa 24 kabla, kila kitu kimeshafanyika isipokuwa kupika. Muda huo uliwekwa na mtu anayejua saa za abiria na asiyejua barabara ya Mgeta wakati wa masika.

Atatokea wa kusema kwamba hayo ni mambo ya kawaida ya biashara, na kwamba wakulima wa Mgeta wameyazoea. Wameyazoea kweli, na ndiyo maana wanayachukia. Kabichi na karoti za huku zinalisha masoko ya Dar es Salaam, na dalali wa mjini ana lugha yake: akiagiza anataka lumbesa, mzigo ukiwa njiani anapiga simu kusema soko limeshuka. Kabichi iliyokatwa hairudi shambani. Mkulima anakubali bei yoyote au anaiacha ioze. Huo ndio mkataba wa matembezi ya nchi kavu kabla hatujauona ukiandikwa kwa Kiingereza kizuri: mwenye mtaji anabaki na uhuru wa kubadili mawazo, mwenye bidhaa inayooza anabaki na bidhaa. Na huku kwetu kuvumilia si ukomo wa tabia. Mwaka 1955 Waluguru waliukataa mpango wa mkoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani, kwa hoja iliyo rahisi kueleweka, kwamba jasho ni lao na faida hawaioni.

Lakini ushahidi mzito kuliko wote uko mikononi mwa kampuni za meli zenyewe. Kampuni hiyo hiyo inayomruhusu abiria afute matembezi saa 48 kabla haimruhusu kabisa kufuta safari ya meli kwa mtindo huo. Akighairi mapema huenda akapoteza malipo ya awali. Akichelewa, sehemu anayokatwa inakua hatua kwa hatua, na kwa kampuni nyingi akighairi katika wiki mbili za mwisho, nyingine hata mwezi wa mwisho, harudishiwi chochote cha nauli. Kwa nini? Watakuambia chumba kilikuwa kimetengwa, chakula kimeagizwa, wahudumu wameajiriwa. Hoja nzuri. Ni hoja ile ile ya mama anayewapikia wageni Bunduki, neno kwa neno, ila yake haina wakili. Kumbe wanajua vizuri sana kwamba ahadi ya mteja ina gharama kabla mteja hajafika. Wanalijua kwa upande wa chumba cha meli, wanalisahau kwa upande wa sufuria ya wali.

Kuna pingamizi lenye uzito, nalo nalikubali kwa sehemu. Mara nyingine si abiria aliyeghairi, ni meli iliyoshindwa kufika. Novemba 5, 2005, Seabourn Spirit ilishambuliwa na maharamia nje ya pwani ya Somalia ikielekea Mombasa. Ikageuza kwenda Shelisheli, na kwa miaka kadhaa baadaye meli nyingi za kitalii ziliikwepa pwani yetu. Hakuna mwenye akili atakayemdai abiria wa siku ile gharama za gari lililokuwa likimsubiri Mombasa. Abiria arudishiwe fedha yake yote, tena haraka. Nisichokubali ni kuruka kutoka hapo hadi kusema kwamba, kwa kuwa abiria hana kosa, hasara iende kwa mpishi. Mpishi naye hana kosa. Kati ya wasio na kosa watatu, abiria, kampuni na mpishi, abebe yule mwenye mgongo mpana. Ulipoingia ugonjwa wa korona mwaka 2020 na meli zikafungwa, kampuni ya meli ya Carnival ilikwenda sokoni mwezi Aprili ikauza hatifungani za dola bilioni 4 kwa riba ya asilimia 11.5, ikaendelea kuishi. Riba hiyo ni ya mtu aliyebanwa, sawa. Lakini mwongozaji wa Bunduki akibanwa hana hatifungani ya kuuza, ana mbuzi.

Wengine wanatisha kwamba tukiweka masharti watalii watakwenda kwingine. Hofu hii ingekuwa na maana kama hapa nchini hakungekuwa na mfano, na upo. Kampuni za kupandisha watu Kilimanjaro na za kupeleka watu Serengeti zimezoea miaka mingi kudai malipo ya awali yasiyorudi, na wageni wanalipa bila kununa, kwa sababu wanaelewa kwamba mtu anajiandaa kwa ajili yao. Zanzibar nayo, tangu Oktoba 1, 2024, inamtaka kila mgeni kutoka nje anunue bima ya dola 44 ya Shirika la Bima la Zanzibar kabla ya kuingia, na ndege hazijaacha kutua. Bima hiyo ni ya kumlinda mgeni, si mwenyeji. Inaonyesha tu kwamba msafiri aliyevuka bahari hageuzi njia kwa dola 44.

Na sheria? Sheria yetu ya Mikataba inatambua fidia kwa aliyepata hasara ya kawaida itokanayo na mkataba kuvunjwa. Shida ni kuipata mahakama. Mwaka 1991 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba abiria aliyeumia katika meli ya Carnival, mkazi wa jimbo la Washington, alipaswa kuishtaki kampuni huko Florida, kwa kuwa tiketi ilisema hivyo. Raia wao wenyewe, mwenye tiketi mkononi, aliambiwa avuke bara zima. Mtu wa Mgeta asiye na karatasi yoyote atajibiwa nini, sina haja ya kubuni. Kwa hiyo tusingoje mahakama. Dawa iko kwenye fedha inayotangulia: wakala wa Dar es Salaam au Zanzibar anayepokea oda atume theluthi ya malipo ya wenyeji kwa simu siku anapoipokea, na ndani ya siku saba za mwisho kishika uchumba hicho kisirudi, awe ameghairi abiria, nahodha au mawingu. Abiria kurudishiwa chake ni kati yake na aliyemuuzia. Mawakala watalalamika kwamba hawawezi kuzibebesha kampuni za meli masharti ya namna hiyo, kwamba ni makali na hayajawahi kusikika. Wafungue mkataba wa tiketi wa kampuni yoyote kati ya hizo, sehemu ya kughairi, waubandike hapo hapo jina la Bunduki. Sisi hatuna haja ya kubadilisha hata koma.