Mvuvi wa Jumamosi na Hiari Aliyo Nayo

Siku hizi huonekana mara moja moja, Jumamosi alfajiri, gari likitoka Tororo kuelekea Busia na kisha Majanji, na juu yake kimefungwa chombo chembamba cha plastiki chenye rangi kali. Chombo hicho ni kayaki. Mwenye gari si mvuvi wa kazi. Yamkini ni karani, mwalimu, mganga wa zahanati au mfanyabiashara, ambaye baada ya siku tano za mafaili na hesabu anakwenda ziwani na mshipi wake apumzishe akili.

Msomaji anaweza kuuliza starehe hiyo inahusu nini ukurasa wa nyumbani. Inahusu sana. Anayeingia majini ni baba wa watoto fulani, au ni kaka anayelipia wadogo zake karo, au ni mama anayetegemewa na nyumba nzima. Na anayebaki akitazama saa ukutani ni jamaa yake. Ni haki basi nyumba nzima ijue jambo hili lina hatari gani na linaendeshwaje kwa busara.

Wavuvi wawili katika maji mamoja

Pale Majanji, na ng'ambo ya pili kule Sio Port na Port Victoria nchini Kenya, wapo wavuvi wa aina mbili. Wa kwanza ni yule ambaye ziwa ndilo shamba lake. Upepo ukivuma anaingia, mvua ikitisha anaingia, kwa sababu asipoingia watoto hawatakula na deni la nyavu halitalipika. Huyo tunapaswa kumheshimu, na akipatwa na ajali hatuwezi kumlaumu kwa wepesi.

Wa pili ni mvuvi wetu wa Jumamosi. Huyu mshahara wake hauongezeki akipata samaki wala haupungui akimkosa. Kwa hiyo anacho kitu kimoja ambacho mwenzake hana, nacho kina thamani kuliko kayaki yake na ndoana zake zote: anayo hiari ya kutokwenda. Anaweza kulitazama wingu akageuza gari. Anaweza kurudi pwani baada ya robo saa tu. Mtu mwenye hiari hiyo akakataa kuitumia, akafuata samaki asiyemhitaji katika hali ambayo hata wavuvi wa kazi wameiogopa, huyo hana udhuru mbele ya watoto wake.

Chombo na asili yake

Kayaki haikuzaliwa Afrika. Ilibuniwa na Wainuiti, watu wa nchi za barafu kaskazini ya Marekani na Greenland, waliotengeneza kiunzi cha miti na mifupa wakakifunika kwa ngozi, wakawinda sili humo. Mtu huketi chini, miguu ameinyosha mbele, naye hupiga kafi lenye bapa kila ncha, kulia na kushoto kwa zamu. Kayaki za kuvulia za siku hizi ni za plastiki, aghalabu zina urefu wa futi 10 hadi 14, na nyingi ni za kukalia juu yake, si za kuingia ndani.

Wepesi wake ndio sifa yake na ndio kasoro yake. Ngalawa ya pwani ya bahari ina magogo ya pembeni yanayoizuia isipinduke. Mtumbwi mkubwa wa mbao wa ziwani una uzito wa kuvumilia mawimbi. Kayaki haina hiki wala kile, ila usawa wa mwili wa mtu aliyeketi. Na sangara, yule ambaye Waganda humwita mputa na Wajaluo humwita mbuta, ni samaki mwenye nguvu. Mkubwa wake hupita kilo 100. Samaki wa namna hiyo akinasa, haijulikani tena nani kamvua nani. Mshipi usifungwe kamwe mkononi wala kiunoni, na kisu cha kuukata kiwe mahali ambapo mkono wa kushoto na wa kulia unaweza kukifikia.

Liko jambo moja katika desturi ya Wainuiti ambalo lafaa tulishike. Mwindaji wao alivaa vazi la ngozi lisilopenya maji, akalifunga kuzunguka mdomo wa chombo chake, hata mtu na kayaki wakawa kitu kimoja. Hakuliweka vazi nyuma yake kama mzigo. Sisi nasi tulifikirie hivyo jaketi la kuokoa maisha. Jaketi lililofungwa nyuma ya kiti halimwokoi mtu, kwa kuwa chombo hupinduka ghafla, na mtu aliye majini hana nafasi ya kutafuta vifungo.

Mvua ya Tororo na mvua ya ziwani

Sisi wakazi wa Tororo tumezoea kusoma mbingu kwa namna yetu. Asubuhi huwa nyeupe, jua hupanda, na alasiri mawingu hukusanyika, mvua ikanyesha. Kwa hiyo mtu wa huku hudhani kwamba kuwahi ni kujiokoa: kadiri anavyoondoka mapema, ndivyo anavyoiepuka mvua.

Ziwani mambo ni kinyume. Mchana, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku nchi kavu hupoa, maji yakabaki na joto, na upepo hutoka pande zote za nchi kavu kwenda ziwani. Pepo hizo zikutanapo juu ya maji yenye joto, hewa hupanda, mawingu ya radi huumuka. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za Ziwa Victoria huzuka usiku na kuendelea mpaka asubuhi, wakati Tororo nyota zinaonekana. Anayesukuma kayaki majini saa kumi na moja alfajiri, akitegemea anga jeupe aliloliacha nyumbani, anaweza kukutana na mkia wa dhoruba.

Kadhalika upepo wa asubuhi una hila. Kwa kuwa hutoka nchi kavu, karibu na ukingo maji hutulia, na chombo chepesi husukumwa nje polepole hata mwenyewe asitambue. Anapogeuka kurudi ndipo hutambua jinsi ukingo ulivyo mbali na jinsi mikono yake ilivyochoka. Baada ya saa sita mchana upepo wa ziwani hushika nguvu na kuleta mawimbi. Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake cha wastani ni kama mita 40 tu. Maji mapana yasiyo na kina kirefu huinua mawimbi mafupi yaliyosimama, yanayofuatana upesi. Hayo ndiyo yasiyopatana na kayaki.

Basi, kanuni nyepesi ni hizi. Kabla ya kuondoka, sikiliza utabiri wa ziwani unaotolewa na idara ya hali ya hewa. Ukifika mwaloni, waulize wavuvi wanaorudi kuvua mukene usiku jinsi ziwa lilivyolala. Usiingie kabla hapajapambazuka vizuri. Uwe umetoka majini kabla ya saa sita. Na usivuke mahali ambapo huwezi kurudi kwa kupiga kafi dhidi ya upepo.

Karibu na ukingo si salama

Wengi hujifariji wakisema hawaendi mbali. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka nchini Tanzania kikiwa kimekaribia gati la kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 walikufa. Miezi miwili baadaye, Jumamosi ya tarehe 24 Novemba 2018, mashua ya starehe iliyoitwa MV Templa ilizama karibu na Mutima, wilaya ya Mukono hapa Uganda, na watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Hao wa Mukono hawakuwa kazini. Walikuwa wamekwenda kufurahi mwisho wa juma, katika chombo kilichojaa kupita kiasi. Ukaribu wa nchi kavu haukuwasaidia wa Ukara, wala furaha haikuwasaidia wa Mukono.

Kwa hiyo jaketi livaliwe tangu mguu unapoingia majini mpaka unapotoka. Lichaguliwe kwa uzito wa mvaaji, lifungwe vifungo vyote, na lijaribiwe katika maji yanayofika kifuani: jaketi linaloloa na kuzama ni nguo tu. Kisha mtu ajifunze kupinduka kwa makusudi na kupanda tena chomboni, akiwa na mwenzake kando, mpaka aweze bila kusaidiwa. Akitoka majini ajifute upesi, kwa maana maji ya ukingoni huweza kuwa na kichocho. Awe na filimbi shingoni, na simu ndani ya mfuko usiopenya maji. Awe na mwenzi pia, kwa kuwa kayaki mbili zinazoonana ni bora kuliko moja nzuri. Na wote wakae mbali na matete yenye viboko, na mbali na magugu maji, ambayo upepo huweza kuyasogeza yakaziba njia ya kurudia.

Sheria na adabu

Jambo jingine ni sheria. Kanuni za uvuvi wa Ziwa Victoria upande wa Uganda ziliweka futi 28 kuwa urefu wa chini wa chombo cha kuvulia, na tangu mwaka 2017 askari wa jeshi walipotumwa ziwani kuzisimamia, mitumbwi mingi mifupi ilichomwa moto. Kayaki ya futi 12 ni fupi kuliko nyingi ya mitumbwi hiyo. Kabla ya kununua chombo, mwananchi aende kwa ofisa uvuvi wa wilaya aulize anaruhusiwa nini na kwa kibali gani. Na akiruhusiwa, awe na adabu. Pale mwaloni yumkini amesimama mtu aliyepoteza mtumbwi uliomlisha, akimtazama mgeni akiingia majini kwa kujifurahisha. Salamu njema, na kumrudisha majini sangara asiyefika sentimita 50, ni heshima ndogo tunayodaiwa.

Tukumbuke pia kwamba starehe ya wachache imekwisha kuligusa ziwa hili. Sangara si mzaliwa wa Victoria. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ilikuwa kuwapatia wavuvi wa burudani samaki mkubwa. Aliongezeka, akaleta biashara kubwa, lakini pia aina nyingi za furu, wale samaki wadogo, zilitoweka.

Na mpaka nao upo majini. Katika ghuba ya Berkeley, ambako mto Sio humwaga maji yake, mpaka wa Uganda na Kenya hauna ukuta wala kamba. Upepo haujui pasipoti. Kitambulisho kiwemo mfukoni pamoja na simu.

Makubaliano ya nyumbani

Sasa nirudi kwetu nyumbani, ambako usalama huanzia. Anayekwenda aandike katika karatasi mambo manne: anaingilia mwalo gani, yuko na nani, chombo chake kina rangi gani, na saa ngapi atapiga simu kwamba ametoka majini. Karatasi ibaki mezani pamoja na namba ya simu ya mtu wa mwaloni. Saa hiyo ikipita na nusu saa ikaongezeka bila habari, aliyebaki asione haya kupiga simu. Ni heri kumsumbua mtu bure mara kumi kuliko kunyamaza mara moja.

Liko na jambo zito kuliko karatasi. Katika nyumba zetu mtu aliyekwenda kuvua akarudi mikono mitupu huchekwa. Watoto huuliza samaki yuko wapi, jirani hutania kwamba petroli imeliwa na mawimbi, na mama wa nyumba husema kwamba sokoni Busia angepata wawili kwa bei ile. Ni mzaha, lakini mzaha huo humfuata mtu majini. Wingu linapotanda naye hajapata kitu, husema moyoni, "Nijaribu mara moja tena." Wakati wa kujaribu tena ndio wakati wa kurudi.

Kwa hiyo nyumba ifanye kinyume. Baba akirudi saa nne asubuhi na ndoo kavu, akasema ziwa halikumpendeza, apokewe kwa chai na asiulizwe neno. Watoto waelezwe kwamba baba amefanya uamuzi mzuri. Nao wakikua na kuingia katika maji yao wenyewe, watajua kwamba kugeuka si aibu. Na kama mboga inahitajika, samaki wa sokoni wapo, nao wamevuliwa na yule ambaye hakuwa na hiari. Kumnunulia ni kumsaidia.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mvuvi wetu wa Jumamosi aende, afurahi, apumzike, anastahili. Bali afanye marejeo kuwa ndiyo safari yenyewe, na samaki awe nyongeza tu.

Kwa leo tuishie hapo. Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya kukausha mukene bila kuingiza mchanga, na namna ya kuwahifadhi wakati wa mvua.