Msimlaumu mtoto, lisomeni swali

Walimu wanalalamika kwamba watoto hawafanyi tena kazi za nyumbani, wananakili tu kutoka intaneti. Ni kweli, na wengi wananakilia dukani kwangu. Nina steshenari Morogoro, karibu na shule ya sekondari. Kengele ya kutokea ikilia wanaingia, "Shikamoo anti," kisha daftari linafunguliwa juu ya kaunta: "Naomba unitafutie hii, unitolee." Mia mbili kwa ukurasa. Wapo ambao karatasi yenyewe hawaisomi, wanachungulia tu kama imejaa.

Mimi lakini maswali huyasoma, na kwa maoni yangu kosa kubwa limo humo.

Chukua Ngoswe, tamthiliya ya Edwin Semzaba. Karani kijana anatumwa kijijini kuhesabu watu, anamkuta Mazoe, moyo unamtoka, na karatasi za serikali zinaishia motoni kwa hasira za Mzee Mitomingi, baba wa binti. Kitabu chenyewe chembamba, tena kinachekesha. Swali linaloletwa? "Taja na ueleze dhamira tano." Majibu yake yamejaa mtandaoni, yamepangwa moja hadi tano, yanasubiri kuchapwa. Mtoto asome kitabu ili iweje? Mwalimu angeuliza: Mzee Mitomingi alikuwa na haki ya kuchoma karatasi zile? Au: sensa ya 2022 ilipopita mtaani kwenu, karani alipokewaje, na angekuwa Ngoswe ingekuwaje? Hapo mimi na kompyuta yangu hatuna cha kuuza.

Maswali ya msamiati hayanisumbui sana. Kuna mwalimu huwapa neno, tuseme "kata", wakatunge sentensi zenye maana tofauti. Nimewasikia hapo barazani wakibishana kama kata ya kuchotea maji na kata ya diwani ni neno moja au mawili. Hakuna aliyenunua karatasi siku hiyo, na sikununa.

Ya sikukuu ndiyo yananiudhi. Agosti haipiti bila "Eleza umuhimu wa Nane Nane." Jamani, tuko Morogoro! Maonesho ya Kanda ya Mashariki yanafanyika hapa hapa, kuna ng'ombe wa maziwa, kuna samaki wa kufugwa, kuna mbegu za kila namna, na daladala zinajaa hadi mlangoni. Mtoto aliyekwenda huko na mama yake kununua miche, akarudi na vumbi hadi magotini, anakuja kunilipa nimpe aya iliyoandikwa na mtu asiyemjua. Kwa nini asiulizwe alichokiona? Saba Saba ni hivyo hivyo. Jibu linalotakiwa ni maonesho ya biashara ya Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, basi. Babu yake nyumbani angemwambia kwamba TANU ilizaliwa tarehe hiyo mwaka 1954, na angemsimulia sherehe zilivyokuwa enzi zao hadi chai ipoe. Tatizo ni kwamba babu hayumo kwenye mwongozo wa kusahihishia.

Najua mwalimu naye ana rundo la madaftari, na majibu yanayofanana husahihishwa upesi. Madarasa yamefurika, sitaki kujifanya sioni. Basi na apunguze. Swali moja kwa wiki, la kumfanya mtoto aulize watu wa kwao au agombane na mhusika wa kitabu, linatosha. Na wazazi mnaonitumia picha ya swali kwa WhatsApp usiku saa tatu, "Anti, mjibie huyu alale," mngemwacha alale bila jibu. Kesho mwalimu ataona swali gani halikueleweka.

Siku ya Nyerere, Oktoba 14, ikikaribia, najua watakachoniletea: Mwalimu alizaliwa wapi na lini? Butiama, 1922. Limo kwenye faili langu tangu zamani, nabonyeza tu. Walimu, mwaka huu nileteeni jingine.