Ngiri: Kungoja au Kupasuliwa?

Neno ngiri limebebeshwa maradhi mengi yasiyo yake. Wapo waitao ngiri kila maumivu ya chini ya kitovu. Wapo waichanganyao na busha, ambalo ni maji yaliyokusanyika kuzunguka korodani. Wengine huihusisha na upungufu wa nguvu za kiume. Kwa sababu ya mkanganyiko huo, wagonjwa hunywa mizizi kwa miaka mingi huku tundu la tumboni likizidi kupanuka.

Kwa hakika, ngiri ni hitilafu ya ukuta wa tumbo. Ukuta huo umejengwa kwa matabaka ya misuli na tando ngumu. Mtu akikohoa au akiinua mzigo, msukumo wa ndani huongezeka. Penye udhaifu, utando wa ndani pamoja na mafuta au utumbo husukumwa nje, kama mpira wa ndani wa baiskeli uchomozavyo penye tairi lililochanika. Kwa wanaume udhaifu huo huwa hasa kwenye kinena, kwa kuwa ndimo korodani zilimopita zikishuka kabla ya kuzaliwa. Basi hapana sababu ya kuona aibu. Aidha, kama tairi lisivyozibwa kwa maji ya kunywa, ngiri ya mtu mzima haiponi kwa dawa wala kwa mkanda. Ngiri ya kitovu cha mtoto mchanga ni kisa kingine: nyingi hujifunga zenyewe kabla ya umri wa miaka 5, bila kufungiwa sarafu.

Je, kila mwenye ngiri apasuliwe mara moja? Mwaka 2006 ulitangazwa utafiti wa Amerika ya Kaskazini uliowahusu wanaume 720 wenye ngiri ya kinena isiyowasumbua sana. Baadhi walipasuliwa, wengine wakaangaliwa tu. Miongoni mwa waliongoja, hatari ya ghafula iliwapata takriban watu 2 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Hata hivyo, baada ya miaka 10 kiasi cha thuluthi mbili yao walikuwa wamekwisha kupasuliwa, wengi kwa sababu ya maumivu.

Matokeo hayo ni ya kweli, lakini si haki kuyahamishia kijijini bila kuyapima. Wanaume wale walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari. Ngiri ikikabwa, damu hukatika na utumbo huweza kufa katika muda wa saa chache. Kwa mkulima anayetegemea lori lipitalo mara moja kwa siku, hatari ya kungoja hupimwa kwa kilomita. Hivyo haitoshi kumwuliza kama inauma. Sharti aulizwe pia: ikikabwa usiku, chumba cha upasuaji kipo umbali gani? Aliye mbali apasuliwe mapema, angali na nguvu. Ngiri ya juu ya paja, ambayo huwapata zaidi wanawake, hukabwa kwa urahisi na haifai kungojewa popote.

Gharama nazo zisiwe kisingizio. Mwaka 2016 ulitangazwa utafiti uliofanywa Uganda kwa wanaume 302. Baadhi walitiwa wavu wa kitambaa cha chandarua, uliotakaswa vijidudu hospitalini, na wengine wavu ghali wa kiwandani. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilimrudia mgonjwa 1 wa kundi la kwanza, na kundi la pili hakurudiwa hata mmoja. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuwa sababu ya kumnyima maskini matibabu.

Mwalimu wa elimu ya viumbe anao wajibu hapa. Mwanafunzi ajuaye kwamba uvimbe uliokuwa ukirudi ndani ukikataa kurudi, ukawa mgumu na wenye maumivu makali, huku mgonjwa akitapika na kukosa choo, ni jambo la hospitali saa hiyo hiyo, aweza kumwokoa baba yake. Somo hilo halihitaji maabara. Tairi kuukuu la baiskeli latosha.