Kinywa cha mbwa na cha paka

Juma hili watoto wa darasani walituuliza mbwa ana meno mangapi. Mbwa mkubwa ana 42, juu 20 na chini 22. Paka ana 30 tu. Wote wawili huzaliwa bila meno, kisha huota ya utoto, 28 kwa mbwa na 26 kwa paka, na hayo hung'oka wakiwa na miezi michache. Ukiokota kijino karibu na mlango, usimshitaki mtoto!

Meno ya kando ya nyuma hukata nyama kama makasi. Taya la paka haliendi huku na huku kama letu tukitafuna bugali. Yeye anakata na kumeza.

Sasa lililotufanya tuandike. Mbwa akikaa mdomo wazi, taya limelegea, mate yanatiririka, wengi wetu tunasema mfupa umemkwama, na tunaingiza mkono tumsaidie. Tusifanye hivyo. Kichaa cha mbwa nacho hulegeza taya namna hiyo, na ugonjwa umo ndani ya mate. Tuwaondoe watoto, tumwite munganga wa nyama.

Mtu akiumwa na mbwa, au mate yakiingia katika kidonda, tuoshe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha kituo cha afya siku ileile kwa ajili ya chanjo. Tusingoje dalili, zikianza, mgonjwa haponi. Na kitundu cha jino la paka, hata kikiwa kidogo, kioshwe vilevile.