Si Kila Aliye Ng'ambo Ana Fedha

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyeko Uingereza hudhaniwa tajiri pande zote mbili: wenyeji huona kwamba aliyemudu ada ile hakosi kitu, na jamaa nyumbani humtaka atume fedha. Lakini wakati wa muhula viza humruhusu kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki, naye amekwisha kulipa pauni 776 za ada ya afya kwa kila mwaka. Hata hivyo, nchini England kila dawa aliyoandikiwa hulipiwa pauni 9.90. Mhudumu, akimdhania tajiri, hamwulizi. Mgonjwa naye huona haya kusema, na huenda akapunguza dozi kimyakimya. Ipo fomu HC1, ambayo huweza kumfutia gharama hizo mwenye kipato kidogo. Mhudumu aitaje kabla ya kuulizwa.